Siyo Moja Barazani

Somoe mwanangu,

Kuna swali ambalo nimeishi nalo tangu ukiwa mdogo, nalo ni hili: mtu aliyepewa kiti awasemee wengine, akasema ndiyo pamoja na chama chake leo, kesho na mwaka unaofuata bila kukosa hata mara moja, tuone nini ndani ya ndiyo hizo? Imani, woga, au mazoea ya mdomo? Nimelisoma swali hili chuoni, nimelikalia barazani, nikapoteza kiti kwa sababu yake, na leo alasiri, wewe ukiwa kwa fundi kuchukua suti ya kuapia ubunge wa viti maalumu, bado liko mezani pangu kama lilivyokuwa.

Jumapili ulikuwa unapiga pasi. Nilikuuliza, kwa utani kidogo, utafanyaje siku chama kitakapoleta jambo usilolipenda. Hukuinua macho. Ukasema, "Mama, mie nimeshaamua. Wakisema ndiyo, nasema ndiyo. Yaliyokukuta wewe siyataki." Kisha ukageuza sketi upande wa pili, ukaendelea. Nami nikajifanya natafuta hanga. Barua hii ndiyo jibu ambalo nilipaswa kukupa pale pale, na nimechelewa siku chache kwa sababu sikuwa na hakika kama ni jibu.

Habari za vumbi la Dodoma, za dawa zako za kifua na za kuchagua mtu wa kupanga naye nyumba, shangazi yako atakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu, ila ni refu.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mhadhiri wetu alituuliza kwa nini wabunge wa chama kimoja hupiga kura kwa pamoja karibu kila mara. Niliandika insha kali. Nikasema ni woga: mtu anajua kwamba chama kikimvua uanachama, kiti nacho kinakwenda, kwa hiyo anafunga mdomo na kufungua mfuko. Nilipata alama nzuri sana. Niliitunza ile insha kwa miaka mingi kama mtu anavyotunza cheti, na nilipoteuliwa, nikitoka kufundisha, kuwa diwani wa viti maalumu niliingia barazani nikiwa na hakika kwamba nawajua watu wote waliomo kabla hata hawajanisalimia.

Sikuwajua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilinichukua muda kuliona, maana nilikuwa nimesoma.

Ndiyo zangu za miaka ile zilikuwa nyingi, Somoe, na sehemu kubwa kabisa zilikuwa za kweli. Zahanati ilihitaji wodi ya wazazi. Ningesema nini zaidi ya ndiyo? Mifereji ilikuwa imeziba, watu wanalala na maji hadi magotini, ndiyo. Madarasa, taa za barabarani, dampo lisogezwe mbali na shule; ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulikuwa chama kimoja kwa sababu tulikuwa tumekubaliana mambo mengi kabla hatujakutana. Mtu wa nje angekuja na kalamu yake, akahesabu kura zangu na kusema huyu mama ni kasuku wa chama, angekuwa amehesabu sawasawa na kunielewa vibaya.

Ila usitulie mapema. Nina sababu ya pili ya kuidharau hesabu hiyo, na hii hainifariji.

Wewe ulikuwa mdogo, hukujua tulikuwa tunakwenda wapi alasiri ya kuamkia baraza. Tulikuwa na kikao cha sisi madiwani wa chama peke yetu, pale ofisi ya chama, ambacho wenyewe tulikiita kikao cha chai. Humo ndimo mambo yalimokuwa yanaamuliwa. Mzee Chande, katibu wetu, alisoma ajenda ya kesho, wakubwa wakasema, wadogo tukaunga mkono, na msimamo ukatoka. Kesho yake barazani, mbele ya wananchi na waandishi, tulirudia kwa sauti yale tuliyomaliza kwa vitumbua. Mwenyekiti wa baraza anauliza wanaoafiki, ukumbi unaitika ndiyo. Anauliza wasioafiki, kimya. Anasema walioafiki wameshinda. Hakuna anayeandika nani alisema nini. Mama Aneth, diwani mwenzangu wa viti maalumu, mama wa Kichaga mwenye ulimi mkali, alikuwa akininong'oneza, "Mwalimu, itika basi, usije ukaonekana umelala." Nami nacheka na kuitika.

Kwa hiyo anayetaka kujua ni mara ngapi diwani au mbunge anakwenda na chama chake, akikaa ukumbini kusikiliza, anasikiliza mwangwi. Sauti yenyewe ilitoka jana, kwenye chumba ambacho yeye hakukaribishwa.

Sasa nikupeleke kwenye uwanja wa wachongaji. Unaukumbuka, maana ndipo ulipojifunzia baiskeli. Kata yenyewe siitaji, wahusika wengi wapo hai na tunakutana misibani. Upande mmoja walikaa wale mafundi waliotoka Newala na Masasi, wanachonga vinyago vya mpingo, maganda meusi yamejaa miguuni mwao. Upande wa pili watoto wanacheza mpira na akina mama wanakaanga mihogo. Ulikuwa eneo la wazi, la watu wote. Kisha likaja ombi la kubadilisha matumizi yake liwe yadi ya makontena, kwa sababu malori ya bandarini yalikuwa yamekosa pa kulala na yalikuwa yanaziba njia za mitaa.

Wachongaji walikuja hapa nyumbani, wakakaa barazani kwetu, wakakataa soda. Msemaji wao alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa vinyago, Bi Tabia, mtu wa kwetu kusini. Akaniambia, "Dada, sie hatuna diwani mwingine wa kumlilia kwa lugha ya nyumbani. Ukinyamaza wewe, tumekwisha." Nikamwambia nitasema. Nilimwambia mbele yako, ulikuwa unamenya vitunguu.

Siku ya kikao cha chai nilikwenda na hoja zangu kichwani, zimepangwa vizuri, nzuri kuliko ile insha ya chuo. Lakini kikao chetu kilikuwa na desturi yake. Sisi wanawake wa viti maalumu tulikaa karibu na mlango, na chai ilikuwa yetu. Hakuna kanuni iliyosema hivyo. Ilikuwa tu kwamba ajenda ikifika katikati, Mzee Chande anakohoa, anasema, "Akina mama, koo zimekauka," nasi tunasimama. Ajenda ya uwanja ilifika tukiwa tumesimama. Wakubwa wawili waliunga mkono. Mmoja akatania kwamba vinyago vina miguu, vitatembea vyenyewe hadi Pugu. Watu wakacheka. Kisha Mzee Chande akauliza, "Kuna mwenye la ziada?"

Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai, namimina kikombe cha mtu. Nikaona si adabu kusema nikiwa nimeinama. Nikajiambia nikimaliza kikombe hiki. Kilipojaa, Mzee Chande alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

Kwa miaka mingi niliilaumu ile chupa. Niliwaeleza watu kisa hiki kama kichekesho, nao walicheka. Lakini chupa ina kitako bapa, Somoe, na meza ilikuwepo.

Kesho yake barazani viti vya nyuma, vile vya wananchi, vilikuwa vimejaa wachongaji. Walikuja na nguo zao za Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Bi Tabia alikaa mbele yao, mkoba magotini, ananitazama bila kupepesa. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Ukumbi ukaitika. Akauliza wasioafiki, tayari anageuza karatasi, na mimi nikasema, "Siyo."

Sikuisema kwa ushujaa. Ilitoka nyembamba, kama mtu anayejibu hodi akiwa bafuni. Mwenyekiti akainua uso. "Nimesikia siyo moja, au ni kiti kimelia?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasimama, nikairudia kwa sauti ya darasani, ile unayoijua wewe ukichelewa kuamka. Hakucheka mtu. Akasema, "Basi iko siyo moja. Walioafiki wameshinda." Na uwanja ukaenda.

Yaliyofuata unayajua, kwa kuwa uliyala pamoja nami. Simu iliyokuwa ikilia tangu alfajiri ikanyamaza. Kamati za harusi zikasahau namba yangu. Ulirudi kutoka shule, kidato cha pili, ukasema, "Wananiita mtoto wa Mama Siyo," ukaingia chumbani hukula. Orodha ya viti maalumu ilipotoka tena jina langu halikuwemo, nikarudi kufundisha uraia, nikiwaeleza watoto wa watu maana ya uwakilishi. Kwa hiyo uliposema Jumapili kwamba hutaki yaliyonikuta, sikuweza kukuambia unatia chumvi.

Lakini sikiliza sehemu ambayo sikuwahi kukueleza. Baada ya baraza lile Mama Aneth alinifuata nje, kwenye kivuli cha ukuta ambako madereva hukaa. Nilidhani atanipongeza au atanigombeza. Akafanya yote mawili.

"Mwalimu, leo umetuumbua."

"Nimesema ninachoamini."

"Jana ulikuwa huamini?"

Nikajifunga upya mtandio.

"Mie jana nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Na yule kaka wa kata ya pili naye alikuwa anakutazama wewe. Tulijua umekuja na maneno. Tunasubiri uanze tuunge. Wewe unamimina chai tu, unamimina, mpaka kikombe cha watu kikafurika. Ungeisema jana tungekuwa watatu. Watatu Mzee Chande angeahirisha, namjua. Leo umeisema peke yako, umepata jina, wenzio wamepoteza uwanja."

Nilimchukia kwa muda wa miezi kadhaa. Alikuwa amesema kweli, na kibaya zaidi, alikuwa amenipa fundisho nililopaswa kumfundisha yeye. Mitaani watu walinisifu. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mzee husimama na kusema, "Mama Siyo huyo, mwanamke wa shoka." Nami hupokea sifa hiyo, nikijua kwamba nilinyamaza pale siyo ilipokuwa na nguvu, nikaisema pale ilipokuwa imebaki sauti tu.

Na lisikupite jambo lingine, maana sitaki kukuuzia hadithi iliyokatwa pembe. Yadi ile imeajiri vijana wengi wa mitaa yetu. Binamu yako Hamisi ni karani mle, ndiko alikopatia pa kuanzia maisha. Njia zilizokuwa zimezibwa na malori zinapitika. Mgonjwa anatolewa nyumbani kwa gari badala ya kubebwa. Wachongaji wengine walihamia upande wa Pugu na wanaendelea vizuri. Wengine waliacha kazi. Bi Tabia alirudi Masasi na hakuniaga. Watoto wanacheza mpira barabarani. Nikiuweka mzigo huu kwenye mizani, sioni upande unaozama. Yawezekana chama kilikuwa sahihi na mimi nilikosea. Nimekubali kwamba hilo linawezekana, na bado nasema siyo, kwa sababu hatukuulizana. Tulikunywa chai.

Wiki iliyopita, ulipokuwa umekwenda kuwaaga wenzako, Mzee Chande alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini kikohozi chake ni kile kile. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Nilimwandalia chai. Nikaiweka chupa mezani mbele yake, na kikombe pembeni, nikakaa. Aliitazama ile chupa kwa muda.

"Mwalimu, hunimiminii?"

"Mikono yako mizima, Mzee Chande."

Akacheka, akajimiminia, akamwaga kidogo kwenye sahani. Kisha akasema, "Chama hakina kinyongo. Umeona? Mama tulimpumzisha, mtoto tumempa."

"Hamkumpa," nikamwambia. "Alisimama mbele ya vijana wenzake, wakamuuliza maswali, wakampigia kura. Mlichofanya nyie ni kutomzuia. Kwa hilo asanteni."

"Ulimi wako haujazeeka."

"Unatumika mara chache."

Akanywa. Alipokuwa anaondoka, mkono kwenye mlango, akageuka. "Mwambie mtoto asituangushe. Kule Dodoma si kama hapa, kule macho ni mengi. Mwambie atulie, aitike, ajifunze. Wakati wake utafika."

Sikumwahidi. Nakufikishia maneno yake kama habari, si kama ushauri wangu, maana nimeyapima siku zote hizi na sijapata mahali pa kuyaweka. Wakati wangu mimi nao ulikuwa utafika. Nilikuwa nausubiri nikiwa nimeshika chupa.

Na usimwone adui. Mzee yule alijenga chama hiki kwa miguu, mtaa kwa mtaa, na anaamini kweli kwamba watu wakianza kusema kila mmoja lake nyumba itavunjika. Ameona nyumba zikivunjika. Mimi sijaziona kama yeye alivyoziona, na hili nalo hunifanya nisite. Kundi lisiloweza kusema ndiyo kwa pamoja halijengi hata choo cha shule. Nalijua. Ningekuwa mbunge leo, ningesema ndiyo na wenzangu mara nyingi kuliko wanavyodhani wanaoniita Mama Siyo.

Kwa hiyo sikuombi uwe mwasi, Somoe. Watakuja watu wa kuhesabu, watasema mheshimiwa huyu anakwenda na chama chake kila mara, au watasema huyu haaminiki. Waache wahesabu. Ninachokuomba hakihesabiki kutoka nje: kwamba kwenye chumba kile cha jana yake, ambako hakuna mwandishi wala mwananchi, wawe wamekusikia. Ukishindwa humo baada ya kusema na kusikilizwa, ukatoka ukaitika ndiyo na wenzako, sitakuona umesaliti kitu. Nitajua ni ndiyo ya mtu aliyeshindwa kwa haki. Lakini ukinyamaza humo kisha ukaitika, usije ukaniambia ulikuwa mtiifu. Neno hilo nalijua bei yake, na mimi nilitaka kulipata bure.

Na ukifika, wakikukalisha karibu na mlango, hamia. Wakisema koo zimekauka, sema lako kwanza. Chai husubiri, hata ikipoa. Nasema hivi nikijua kuwa nakupeleka kwenye makali: kiti chako hakina jimbo nyuma yake, kina orodha, na orodha ina mikono inayoiandika. Wanaweza kukurudisha nyumbani. Wakikurudisha kwa ajili ya neno ulilolisema mahali pake, mlango huu utaukuta wazi, na nitatembea na wewe sokoni mchana kweupe, tukipita mbele ya ofisi yao, taratibu.

Imebaki sehemu ambayo nimeizunguka tangu nianze kuandika, na naona nisikuache uondoke bila hiyo. Ulisema hutaki yaliyonikuta, ukidhani yaliyonikuta ni adhabu ya kusema kweli. Mimi nami nilipenda kudhani hivyo. Lakini huwa najiuliza: ile Jumatano, kama viti vya nyuma vingekuwa vitupu, kama Bi Tabia asingekuwa amekaa pale na mkoba wake magotini, ningesema siyo? Jana yake hakuwepo, nikamimina chai. Kesho yake yupo, nikapata sauti. Kama ni macho yake yaliyonisemesha, basi sikuwa jasiri kuwazidi wale walioitika ndiyo kwa ajili ya macho ya Mzee Chande. Tuliogopa watu tofauti, basi. Au labda ndivyo uwakilishi ulivyo, kuwaogopa wale waliokutuma kuliko wale waliokuorodhesha, na sina haja ya kuona aibu. Siku nyingine nalala na jibu hili, siku nyingine na lile.

Siwezi kulimaliza kwa sababu shahidi ni mmoja tu, ni mimi, na mimi ndiye ninayeshitakiwa na ndiye ninayetaka kushinda kesi. Wewe unaanza kesho. Utayajua ya kwako mapema kuliko mimi, kwenye chumba kile kisicho na viti vya nyuma. Ukishajua, usiniandikie. Njoo uniambie tukiwa tumekaa, na kila mtu ajimiminie chake.

Nasikia geti, nadhani umerudi na suti. Nenda salama, mwanangu. Wakikuuliza Dodoma wewe ni mtoto wa nani, usitafute jina langu la shule. Wape lile la mtaani.

Mimi mama yako,
Mama Siyo